Ripoti ya Mama Rula juu ya Mchonga Funguo

Mama Rula alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akibahatisha jibu. Hata baada ya kustaafu, rula yake ya mbao iliendelea kuishi ndani ya mkoba wake, pamoja na miwani, leso na kalamu nyekundu. Jumapili aliongoza darasa la watoto kanisani. Wazazi walikuwa na utani wao kwamba mtoto aliyepita kwa Mama Rula hata akisahau kusali, kujumlisha atajua. Utani huo ulimfikia, na aliupenda.

Ndiyo maana Mchungaji alipopata kesi ya vitabu hakuumiza kichwa kutafuta mtu wa kumsaidia.

Kesi yenyewe ilianzia kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye rafu mbili na meza ndefu, ambacho kila mtu alikiita maktaba kwa kukitia moyo. Kwa miaka mingi kilikuwa kimya. Halafu vijana wakaanza kujaa humo kila Alhamisi jioni, wakigombania vitabu vinne vya hadithi vilivyoitwa Nchi ya Makufuli. Mlikuwa na joka humo, na wachawi wa ikulu, na kunguru wanaosema, na fundi mmoja aliyeitwa Mchonga Funguo. Binti mmoja akamsimulia bibi yake habari za joka wakati wa chai. Bibi akamsimulia jirani. Na jirani huyo, kwa bahati, alikuwa Mzee wa Saa.

Mzee wa Saa alikuwa fundi wa saa na mzee wa kanisa wa siku nyingi. Alikuwa mtu mwaminifu, asiyechelewa popote, na asiyeamini kwamba kitu kinaweza kuwa sahihi kidogo.

"Wachawi ndani ya nyumba ya Mungu!" alimwambia Mchungaji. "Tena tumewawekea rafu!"

Alitaka vitabu vitolewe wiki ile ile. Mchungaji, ambaye alikuwa bado kijana na alikuwa amepanga kusoma kitabu cha kwanza asipate nafasi, akaomba wiki tatu. "Tumpe Mwalimu avisome vyote, atuletee ripoti."

Mzee wa Saa akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mama Rula? Basi hiyo kesi imekwisha."

Mama Rula naye aliona imekwisha. Alivibeba vitabu vyote vinne hadi nyumbani, akafungua daftari jipya, akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto akaandika "Makosa". Upande wa kulia, kwa kuwa daftari halipendezi likiwa na upande usio na jina, akaandika "Mengineyo".

Aliishi na mpwa wake, binti ya marehemu mdogo wake wa kiume. Binti huyo waliyemwita Kidoti, kwa ajili ya kidoa cheusi alichozaliwa nacho pembeni ya mdomo, alikuwa na miaka ishirini na minne na alifanya kazi kwenye duka la miwani, chumba cha nyuma, akikata vioo na kuvisugua hadi viingie kwenye fremu. Jioni ile aliporudi kazini alisimama mlangoni, mkoba ukiwa bado begani, akivitazama vile vitabu mezani.

"Umevitoa wapi hivyo, Shangazi?"

"Maktaba ya kanisa. Inasemekana vina wachawi. Navikagua."

"Haya," alisema Kidoti, akaingia chumbani kwake.

Haya hiyo Mama Rula aliizoea. Ilikuwa na umri wa miaka miwili, tangu mazishi ya Brashi.

Brashi ndiye mdogo wake Mama Rula, baba yake Kidoti. Alikuwa mchoraji wa mabango. Mjini huwezi kwenda hatua hamsini bila kupita chini ya herufi zake: kinyozi, duka la dawa, fundi viatu, zote kaziandika yeye kwa mkono, na herufi M yake ilijulikana kwa jinsi ilivyotanua miguu kama mtu anayezuia mlango. Alikuwa pia mlevi. Kanisani aliacha kuja akiwa kijana, na kila dada yake alipomwomba arudi alijibu kwa mzaha kwamba akiingia taa zitazimika. Alikufa kwa ini, wiki ambayo Mchungaji alikuwa safarini, kwa hiyo mazishi yaliongozwa na Mzee wa Saa. Na Mzee wa Saa, kando ya kaburi lililo wazi, akasema alichoamini ni kweli: kwamba ndugu yule mlango aliufunga mwenyewe, na waliobaki wajihadhari.

Mama Rula, ambaye aliwahi kumkatiza mhubiri mgeni katikati ya mahubiri ili kumsahihisha mwaka, siku hiyo aliangalia viatu vyake. Kidoti alimgeukia, akamngoja aseme neno. Halikuja. Tangu siku hiyo Kidoti hakukanyaga tena kanisani. Nyumbani alipika, alifua, alimsaidia shangazi yake kwa kila kitu, na akiambiwa naye jambo lolote alijibu "haya" tu.

Kitabu cha kwanza kilitoa makosa arobaini na moja. Mama Rula aliyapanga kwa namba za kurasa. Hata hivyo alipofika katikati aligundua kwamba chai yake ilikuwa imepoa na kwamba kwa kurasa kumi na tano hakuwa ameigusa kalamu.

Nchi hiyo ya kwenye kitabu ilikuwa na kufuli kila mahali. Visima vilifungwa, makabati yalifungwa, hata vinywa vya watu vilifungwa na wachawi wa malkia kwa kufuli ndogo za shaba. Mchonga Funguo alikuwa fundi wa kawaida mwenye vidole vilivyoungua, aliyepita kijiji hadi kijiji akichonga funguo bure. Alikaa na watu waliokataliwa na wenzao. Alikula nao. Mwizi mmoja aliyefuatana naye akamwibia vifaa, naye akamwachia sehemu yake ya mkate.

"Hm," alisema Mama Rula. Akaandika mstari wa kwanza upande wa Mengineyo.

Kwenye kitabu cha pili mtu asingemweza tena. Jicho lililokuwa limefundishwa kuona makosa kwa miaka thelathini na minne lilipogeuzwa upande wa pili likaanza kuona ishara kila mahali. Aliziona kwenye maji, kwenye mkate, kwenye kigoda cha miguu mitatu. Siku ya Jumamosi alimkuta Kidoti akinywa chai, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Wana bata kumi na wawili," alisema.

"Nani?"

"Fundi na wenzake. Wanasafiri na bata kumi na wawili. Kumi na wawili, Kidoti! Na mmoja wao anapotea katikati ya safari!"

"Anapotea vipi?"

"Analiwa."

Kidoti alijaribu kuzuia cheko, chai ikampalia. "Shangazi, bata ni bata."

"Mwandishi hafanyi kitu bure."

"Labda walikuwa na njaa!"

Mama Rula hakukubali, lakini alirudi chumbani kwake akiwa mwepesi. Alikuwa amesahau mpwa wake anavyocheka.

Kitabu cha tatu alikifungua Jumatatu asubuhi, dirishani, kwenye mwanga mzuri. Kilikuwa kimetumika kuliko vingine. Ukingo wake ulikuwa na doa la rangi ya kijani, na kwenye kurasa za mwanzo kulikuwa na maandishi ya penseli pembeni. Mama Rula akashusha pumzi. Vijana hawa! Kitabu cha maktaba! Akatoa kifutio mkobani, akafuta maandishi ya ukurasa wa tisa bila hata kuyasoma, kama alivyofuta madawati kwa miaka yote. Akafuta mengine ukurasa wa thelathini na moja. Akafuta ya ukurasa wa themanini, ambayo yalikuwa marefu kidogo, akapuliza vumbi la kifutio, akaendelea kusoma.

Ilipofika saa nne alikuwa amefika kwenye Gereza la Chini.

Gereza hilo lilikuwa chini ya mlima, na walioingia humo hawakuhesabiwa tena kuwa wazima. Lango lake zito lilijifunga lenyewe, na tundu la ufunguo lilikuwa upande wa ndani tu. Kutoka nje hakuna aliyeweza kulifungua, awe mfalme au mchawi, na wa ndani hawakuwa na kitu cha kufungulia. Basi Mchonga Funguo akaenda mwenyewe mpaka langoni, akaomba afungwe. Walinzi walicheka. Wakampekua, wakamnyang'anya vifaa vyote, wakamtumbukiza ndani kupitia shimo la juu la kuingizia wafungwa, lisilopandika. Kule gizani, penye watu wasiokumbuka hata majina yao, fundi akakata kidole chake mwenyewe, na kwa mfupa wake akachonga ufunguo.

Mama Rula alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Na hapo, pembeni mwa ukurasa, akaona penseli nyingine.

NA MIMI JE?

Mkono ulikuwa tayari umeshika kifutio. Ukabaki hewani. Zile herufi M zilikuwa zimetanua miguu.

Alifungua ukurasa uliofuata. Lango la gereza lilikuwa wazi, na mtu wa kwanza kutolewa alikuwa yule mwizi aliyeiba vifaa, ambaye hakuna aliyejua kwamba alikuwa ameshafungwa humo. Mchonga Funguo alimshika mkono kwa mkono wake wenye jeraha. Pembeni palikuwa na maneno mawili tu, safari hii bila alama ya kuuliza. Na mimi. Chini yake palikuwa na tarehe. Mama Rula hakuhitaji karatasi kupiga hesabu hiyo. Ilikuwa siku kumi na moja kabla ya Brashi kufariki.

Alilia pale dirishani kama mtoto, kwa sauti. Halafu akayaona yale mavumbi ya kifutio kwenye sketi yake, akaelewa alichokifanya, na machozi yakakatika ghafla.

Mama Rula hakuwa mtu wa kukaa na kosa. Akavaa viatu, akakitia kitabu kwenye mkoba, akatoka. Ni mwendo wa dakika ishirini hadi duka la miwani. Alipita kwa kinyozi, akapita duka la dawa, akapita kwa fundi viatu, na kila mahali mdogo wake alikuwa ameandika jambo juu ya kichwa chake.

Kidoti alikuwa kwenye mashine ya kusugulia vioo, aproni imelowa, maji yakitiririka juu ya jiwe. Alipomwona shangazi yake kwenye mlango wa chumba cha nyuma akazima mashine.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Vile vitabu vilikuwa vya baba yako?"

Kidoti akajifuta mikono taratibu. "Vilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda chake. Nilimpa mke wa Mchungaji wiki ile ya matanga. Sikutaka kuvifungua. Alisoma hivyo badala ya kula, badala ya kwenda hospitali. Nilivichukia."

"Ameandika humu."

Akamfungulia ukurasa. Kidoti alisoma lile swali la maneno matatu, akasoma na ukurasa wa pili, akakaa kwenye kiti cha mashine. Alikigusa kile kimstari cha tarehe kwa ncha ya kidole.

"Kuna mengine," alisema Mama Rula. "Yalikuwepo. Matatu. Nimeyafuta."

"Umeyafuta?"

"Nilidhani ni vijana wamechafua kitabu."

"Hukusoma kwanza?"

"Sikusoma."

Kidoti aliinua macho. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Siku ile ulinyamaza, Shangazi. Leo umemfuta."

Mtu mwingine angejitetea. Mama Rula alikuwa na utetezi, tena mzuri, alikuwa ameupanga njiani. Akauacha.

"Ni kweli," alisema. "Yote mawili. Siku ile nilinyamaza kwa sababu niliogopa kwamba Mzee yuko sahihi. Nilikuwa dada yake, nimemlea mgongoni, nikasimama pale naogopa hesabu. Nisamehe. Na kama huwezi leo, nitangoja."

Kidoti alichukua kitabu, akawasha taa ya mezani, akaiinamisha mpaka mwanga ukalala juu ya karatasi. Akatoa droo, akachagua kioo kinene cha kukuza. "Baba alikuwa anakandamiza penseli," alisema. "Kama anachora ubao. Shika hapa. Usitetemeke."

Rangi ya penseli ilikuwa imekwenda, lakini karatasi ilikuwa bado inakumbuka mikandamizo. Mama Rula alishika ukurasa, mpwa wake akageuza taa kidogo kidogo, na herufi zikaanza kujitokeza kama kovu.

Ukurasa wa tisa: Huyu fundi namjua.

Ukurasa wa thelathini na moja: Anakula na watu kama sisi. Dada angeona.

Mama Rula akaachia sauti ndogo, Kidoti akamwambia ashike vizuri.

Ukurasa wa themanini uliwashinda. Hapo alikuwa amefuta kwa nguvu. Walisoma jina, Kidoti, na baada yake herufi moja au mbili, kisha karatasi ilikuwa laini tupu. Waligeuza taa kila upande. Walijaribu vioo vitatu. Bosi wa duka alikuja akachungulia, akaondoka kimya.

"Basi," alisema Kidoti hatimaye, akazima taa. "Ameandika jina langu." Kisha, bila kumtazama shangazi yake, "Hiki hakirudi maktaba."

"Hakirudi."

"Ila wewe unarudi na ripoti. Nataka kuisikia."

Kikao kilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, kwenye maktaba yenyewe. Alikuwepo Mchungaji, Mzee wa Saa, wazee wengine wanne wa kanisa, na Kidoti, ambaye alikaa karibu na mlango na kitabu chake mapajani. Hakuna aliyemuuliza amekuja kwa cheo gani.

Mama Rula alisimama kama darasani. "Makosa," alianza. "Kitabu cha kwanza, arobaini na moja. Cha pili, kumi na tisa. Cha tatu, manane. Cha nne, matano, na mawili kati ya hayo ni ya mpiga chapa." Mzee wa Saa alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Uchawi upo. Ila nimefuatilia kila mahali unapotajwa. Ni kazi ya adui, kila mara, na kila mara unashindwa. Sasa nakuja upande wa pili."

Akawasimulia. Hakuwataja bata; alikuwa amepunguza bata mwenyewe, baada ya majadiliano marefu nyumbani. Alisimulia lango lenye tundu upande wa ndani, na fundi aliyeomba kufungwa, na ufunguo wa mfupa. Alisimulia jinsi kwenye kitabu cha nne rafiki zake, waliodhani hakutoka gerezani, walivyomwona amekaa kando ya moto wakamdhania mgeni, mpaka alipowagawia mkate wakaona mkono usio na kidole. Wazee wawili walikuwa wameinama mbele kama watoto.

Mzee wa Saa hakuinama. "Mwalimu, umesimulia vizuri. Lakini hadithi si Injili. Na mwandishi wake, unajua kama anasali?"

"Sijui. Sikutumwa kumkagua mwandishi. Mwanafunzi akiniletea jibu sahihi siulizi kalamu kaazima kwa nani."

"Na vijana wakianza kumpenda fundi wa funguo kuliko Bwana mwenyewe?"

"Hofu hiyo ni halali," alisema Mama Rula, na alimaanisha. "Ndiyo maana wasisome peke yao. Nitakaa nao mimi. Kazi ya hadithi ni kumfikisha mtu mlangoni, siyo kuwa nyumba. Lakini mimi, Mzee, nilikuwa ndani ya nyumba miaka yote na sikuujua mlango. Kila Jumapili tunasimama tunakiri kwamba Bwana alishuka mahali pa wafu. Nimekiri hivyo tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza alifuata nini huko. Nilipita tu, kama mtu anayeruka ngazi. Kitabu hiki kimenishika mkono kikanirudisha kwenye ngazi hiyo. Alishuka kufungua. Kwa upande wa ndani."

Akafunga daftari lake.

"Na si mimi wa kwanza kuliona hilo," aliendelea. "Kuna msomaji aliyenitangulia." Akamgeukia mpwa wake. "Utasoma, au nisome?"

Kidoti akasimama. Alisoma maandishi manne yaliyosalia, moja moja, na tarehe. Kisha akakiweka kitabu mezani mbele ya Mzee wa Saa, kimefunguliwa.

Mzee wa Saa alizivuta zile kurasa karibu na macho yake. Hakuhitaji kuambiwa mkono wa nani. Bango la duka lake mwenyewe, ambalo alifungua mlango chini yake kila asubuhi, lilikuwa limeandikwa na mkono huo.

"Mzee," alisema Mama Rula, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "siku ile ulisema mlango aliufunga mwenyewe. Nilikuwepo nikanyamaza. Leo nasema mbele ya wote: ulikosea. Na mimi nilikosea zaidi yako, kwa sababu mimi nilikuwa dada yake."

Kura zilipigwa kwa mikono. Vitabu vilibaki. Mkono mmoja tu ulipinga, nao ulikuwa wa Mzee wa Saa. "Kuhusu vitabu, bado sijashawishika," alisema akichukua kofia yake. "Kuhusu yule ndugu..." Akashindwa kumalizia, akatoka, akasahau fimbo yake ukutani.

Ilimchukua siku nane kumalizia. Alikuja nyumbani kwa Mama Rula Jumapili alasiri, akapiga hodi, akasimama mbele ya Kidoti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Binti yangu, siku ya kumzika baba yako nilisema kitu nisichokijua. Nilikisema kwa sauti, mbele ya watu. Sikuwa na haki. Nimekuja kukirudisha."

Kidoti alikuwa ameegemea mlango. Mama Rula, jikoni, aliacha kuosha vikombe ili maji yasipige kelele.

"Nimekusikia, Mzee," alisema Kidoti. "Sijafika bado mahali pa kusema yamekwisha. Nikifika nitakuambia. Karibu chai."

Mzee wa Saa aliingia, akanywa chai. Walizungumza juu ya vioo. Ilionekana kwamba fundi wa saa na fundi wa miwani wanalalamikia vitu vile vile: skrubu ndogo, wateja wanaokalia kitu kisha wanasema kimevunjika chenyewe. Alipoondoka alikuwa amekaa saa nzima na robo, na kwa Mzee wa Saa huko kulikuwa kupoteza muda kabisa.

Alhamisi za vijana zikaanza. Mama Rula alikaa kwenye kichwa cha meza na Kidoti, ambaye alisema amekuja kumsindikiza tu, alikaa upande wa dirisha. Kuanzia wiki ya tatu alikuwa amehama dirishani. Wiki ya tano, walipofika kwenye Gereza la Chini, ndiye aliyesoma kwa sauti, kwenye kile kitabu cha baba yake alichokuja nacho, kwa sababu shangazi yake alianza akakwama.

Alipomaliza, binti mmoja mwenye nywele za kusuka, yule yule aliyemsimulia bibi yake habari za joka, akanyoosha mkono.

"Mimi kuna kitu sielewi. Yeye ndiye mwenye ufunguo. Kwa nini hakutoka wa kwanza?"

Mama Rula alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu sita, yote yenye namba za kurasa. Alifungua kinywa, akamtazama mpwa wake, akakifunga.

Kidoti alifikiri kidogo. "Lango zito likiachiwa linajifunga," alisema. "Ilibidi mtu alishike. Alikuwa amelishika mpaka wa mwisho apite."

"Na wa mwisho alikuwa nani?"

"Kitabu hakisemi. Mimi nadhani kulikuwa na watu waliochelewa kuamka. Walevi, labda. Watu waliodhani wao hawaitwi." Akageuza ukurasa. "Nani anasoma sura inayofuata?"

Mikono minne ikainuka kwa pamoja, na ugomvi wa kawaida wa nani alisoma wiki iliyopita ukaanza. Mama Rula hakuuamua. Alikuwa ameinamisha kichwa, akitafuta leso.

Jumapili iliyofuata Kidoti hakuja kanisani, wala ile ya pili yake. Ya tatu alikuja, akakaa benchi la nyuma, akaondoka kabla ya matangazo. Mama Rula alimkuta nyumbani akianika nguo. Alichukua upande wa pili wa shuka, wakalikamua pamoja, kila mmoja akizungusha upande wake, mpaka maji yakaisha.